Wanafunzi Tisa wa Chuo cha Fisk na Wimbo Wetu wa Nne

Katika kurasa zilizotangulia mmesoma jinsi kwaya yetu ilivyoanza, walimu walioifundisha na safari tulizofunga katika miaka hii 50. Kamati ya jubilii ilitubakizia kurasa chache, nasi tuliopewa kazi ya kuandika tukaomba tuzitumie kueleza habari za wimbo wa nne katika orodha ya leo, Steal Away. Wimbo huo tumeuimba miaka mingi, wengine wetu tangu mashindano ya muziki ya shule, tukiusoma kwenye karatasi ya solfa iliyochakaa mpaka pembe zake zikakatika. Hatukuwahi kuuliza ulitoka wapi. Mwaka huu tuliuliza, na majibu yakatupeleka kwenye chuo kidogo cha Kikristo kilichokuwa karibu kufungwa, na kwenye neno hili hili jubilii tulilolishona kwenye sare zetu.

Kuhusu neno, mchapishaji alitutania kwamba Biblia imeandika "yubile" na sisi tumeandika "jubilii", tuamue lipi ni lipi. Yote ni mamoja. Katika Mambo ya Walawi mlango wa 25, Waisraeli wanaamriwa kuhesabu miaka saba mara saba, kisha mwaka wa 50 tarumbeta ipigwe nchi nzima, mtumwa aachiliwe, na kila mtu arudi kwa jamaa yake. Sisi tukisikia jubilii tunafikiria keki, hema na pilau. Kwa wanafunzi tunaowaeleza hapa, lilikuwa neno la mtu aliyekuwa na bei juu ya kichwa chake na sasa hana.

Chuo chenyewe kinaitwa Fisk, na kiko Nashville, katika jimbo la Tennessee, kusini mwa Marekani. Kilifungua milango yake tarehe 9 Januari 1866, miezi michache tu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kumalizika na utumwa kufutwa. Waliokianzisha walisaidiwa na chama cha wamisionari kiitwacho American Missionary Association, na jina walilipata kwa Jenerali Clinton Fisk, aliyewasaidia kupata mahali. Mahali penyewe palikuwa mabanda ya mbao yaliyokuwa hospitali ya jeshi wakati wa vita. Katika majimbo mengi ya kusini kumfundisha mtumwa kusoma kulikuwa marufuku, kwa hiyo kiu ya kusoma ilikuwa kubwa ajabu. Husimuliwa kwamba wanafunzi wa kwanza walikuwa na umri wa kuanzia miaka 7 hadi 70. Hebu fikiria babu na mjukuu kwenye benchi moja, wote wakisoma herufi A.

Maisha ya wanafunzi pale hayakuwa ya starehe. Mabanda yalijengwa kwa haraka ya vita, si ya kudumu, na baada ya miaka michache mbao zilikuwa zinaoza na upepo wa baridi ukipita ndani. Chakula kilikuwa haba, na siku nyingine hakikutosha. Wanafunzi waliosha vyombo, walihudumu mezani, na wakati wa likizo walienda vijijini kufundisha watoto wa watumwa walioachiliwa, ili warudi na karo. Kazi hiyo ya vijijini ilikuwa ya hatari, kwa sababu walikuwako watu weupe wenye silaha waliochukia kuona shule ya mtu mweusi. Maggie Porter, msichana ambaye baadaye aliimba soprano katika kwaya hii, alikuwa mwalimu wa shule ya namna hiyo, na shule yake ilichomwa moto. Akarudi chuoni, akaendelea na masomo.

Kuna habari moja ya siku zile ambayo tuliisoma kwa sauti kwenye mazoezi ya Jumamosi, na mazoezi yakasimama kwa muda. Chuo kilihitaji vitabu vya kujifunzia kusoma, na pesa hazikuwapo. Wanafunzi wakaenda mahali ambapo zamani watumwa walifungiwa wakingoja kuuzwa, wakakusanya pingu na minyororo iliyokuwa imeshika kutu, wakaiuza kama chuma chakavu. Pesa walizopata wakanunua Biblia na vitabu vya kusomea.

Mwanafunzi tunayemfahamu zaidi kuliko wote ni Ella Sheppard, kwa kuwa aliandika kumbukumbu zake mwenyewe. Alizaliwa mtumwa hukohuko Nashville mwaka 1851. Baba yake, aliyekuwa amejinunua, alimnunua binti yake kwa dola 350, lakini mama hakuweza kumpata; mama akapelekwa Mississippi. Ella alisema kwamba kabla ya hapo mama yake alikata tamaa hata akaamua kujitosa mtoni pamoja naye, na mama mmoja mzee akamzuia njiani, akimwambia Mungu ana kazi na mtoto yule. Alipokuwa msichana huko Cincinnati alitaka kujifunza piano. Mwalimu mmoja mweupe alikubali kumfundisha kwa sharti kwamba asimwambie mtu, aingie kwa mlango wa nyuma, na aje usiku. Ndivyo alivyojifunza piano, kwa siri, kupitia mlango wa nyuma. Mwaka 1868 alifika Fisk akiwa na dola 6, na sanduku dogo la nguo lililowafanya wenzake wacheke. Dola hizo hazikutosha hata muhula, lakini alipata wanafunzi wachache wa kuwafundisha piano, na baadaye chuo kikamwajiri kufundisha muziki. Hakuwa na miaka 20 bado.

Mwalimu wa kwaya aliitwa George White. Alikuwa mweupe, mtoto wa mhunzi, na aliwahi kupigana katika vita upande wa kaskazini. Pale chuoni alikuwa mweka hazina, na muziki aliufundisha kwa sababu aliupenda, si kwa kuwa aliusomea sana. Wanakwaya wenzetu mtatambua mtu wa namna hii, maana kila kanisa lina wake: kazi yake ni vitabu vya hesabu, lakini moyo wake uko kwenye mazoezi. White alitaka sauti laini. Alipenda kwaya iimbe kwa chinichini mpaka msikilizaji ainame mbele kusikia, na alikuwa mkali kwa yeyote aliyetaka sauti yake isikike juu ya wenzake.

Mwanzoni kwaya hiyo iliimba nyimbo za Ulaya, na igizo la muziki kuhusu Malkia Esta, nao waliimba vizuri. Nyimbo za wazazi wao, zile zilizoimbwa shambani na kwenye ibada za siri za watumwa, hawakuziimba mbele ya watu. Ella Sheppard anaeleza sababu: nyimbo zile zilikuwa za utumwa na za giza lililopita, nao walitaka kusahau. Tena zilikuwa takatifu kwa wazazi wao, na hawakutaka kuzitoa nje zikachekwe. Lakini wakati mwingine jioni walikusanyika na mwalimu wao, wakafunga milango na madirisha, wakashusha mapazia, wakaketi sakafuni, na kila mmoja akafundisha wenzake wimbo aliousikia kwao. Waliimba polepole wasije wakasikika nje. Steal Away ni mmoja wa nyimbo hizo.

Hapa itabidi tujitaje. Wenzetu walioanza kwaya hii wanakumbuka miaka ambayo kayamba na ngoma hazikuruhusiwa kuvuka mlango wa kanisa. Wazee wa wakati ule walisema ni vitu vya kimila. Nyimbo ambazo mama zetu waliimba wakipalilia, na zile za kumlilia marehemu, tuliziimba nyuma ya jikoni baada ya mazoezi, tukicheka kidogo kana kwamba tunafanya utoto. Ndani tuliimba zilizotafsiriwa. Hatuzidharau hata kidogo nyimbo hizo za kutafsiriwa. Zimetulea, na leo tutaimba tano. Lakini siku ya kwanza kayamba ilipoletwa madhabahuni, wapo kati yetu waliotoka nje. Mmoja wao ameandika sehemu ya ukurasa huu. Kwa hiyo tuliposoma habari ya mapazia yale yaliyoshushwa, hatukuhitaji mtu wa kutufafanulia.

Kufikia mwaka 1871 chuo cha Fisk kilikuwa na madeni mengi, majengo yalikuwa yanaanguka, na wamisionari waliokisaidia walikuwa wanafikiria kukifunga. White akatoa wazo kwamba achukue wanafunzi wachache, azunguke nao majimbo ya kaskazini wakiimba, wakusanye pesa. Waliokuwa juu yake hawakukubali. Waliona ni aibu chuo cha Kikristo kuomba pesa kwa kuimba, na wazazi nao waliogopa kuwatoa watoto wao. White alienda hivyo hivyo. Alichukua pesa zake zote, kiasi ambacho hazina ya chuo ingeweza kutoa, na kingine akakopa. Tarehe 6 Oktoba 1871 wanafunzi tisa walipanda treni pale Nashville: Ella Sheppard, Maggie Porter, Jennie Jackson, Minnie Tate, Eliza Walker, Thomas Rutling, Benjamin Holmes, Isaac Dickerson na Greene Evans. Wengi wao walizaliwa utumwani. Kumbukumbu ya kwanza kabisa ya Rutling ilikuwa mama yake akiuzwa na kupelekwa mbali. Holmes alikuwa amejifunza kusoma kwa kuangalia vibao vya maduka, na wakati wa vita, akiwa gerezani kwa watumwa, aliwasomea wenzake tangazo la Rais Lincoln la kuwaachilia watumwa.

Safari ilianza vibaya. Siku mbili baada ya kuondoka kwao mji wa Chicago ulishika moto, moto mkubwa ulioacha maelfu bila makao. Wanafunzi wale, wenye deni na wasio na hata makoti ya baridi, walifanya tamasha mjini Cincinnati wakapata pesa zisizofika dola 50. Zote wakazitoa kwa waathiriwa wa Chicago. Mweka hazina wetu aliposikia jambo hili alitikisa kichwa, na tunaamini wapo wahasibu wengi kanisani watakaotikisa vichwa.

Wiki zilizofuata hazikuwa bora. Hoteli ziliwafukuza. Watazamaji wengi walikuja wakitarajia vichekesho, kwa sababu siku zile watu weupe walijipaka masizi usoni na kuigiza watu weusi jukwaani, na magazeti mengine yaliwaandika vijana hawa kwa dhihaka. Makusanyo hayakutosha nauli. Walipofika Columbus, Ohio, White alikesha usiku akiomba, na asubuhi akawaambia kwamba ameipata kwaya jina: wataitwa Jubilee Singers, waimbaji wa yubile, kwa ajili ya Walawi 25. Vijana walilipokea kwa furaha kubwa. Basi jina ambalo kwaya nyingi hulipata baada ya miaka 50 ya kazi, hawa walipewa katika mwezi wao wa kwanza, wakiwa na deni.

Mwezi Novemba walifika Oberlin, mahali penye mkutano mkubwa wa wachungaji na wajumbe wa makanisa ya Congregational. Waliruhusiwa kuimba wakati wa mapumziko. Wajumbe walikuwa wanazungumza, viti vikisogezwa, kila mtu na shughuli zake. Wakaanza Steal Away, kwa sauti ile ya chini kabisa waliyofundishwa, na mazungumzo yakakatika. Tangu hapo wakawa wanaimba nyimbo za wazazi wao zaidi, na zile za Ulaya wakazipunguza. Desemba wakaimba katika kanisa la Henry Ward Beecher huko Brooklyn, mhubiri aliyejulikana kuliko wote Marekani, naye akawahimiza washarika wake watoe walichonacho mfukoni. Machi 1872 wakaimba mbele ya Rais Ulysses Grant. Walirudi Nashville wakiwa na dola 20,000. Chuo kikalipa madeni na kununua ardhi mpya.

Mwaka uliofuata walivuka bahari. Mei 1873, jijini London, Malkia Victoria aliwasikiliza. Waziri Mkuu Gladstone naye akawaalika kwake. Wengi wao waliokuwa mali ya watu miaka kumi nyuma sasa walikaribishwa na waziri mkuu.

Miezi hiyo hiyo kulikuwa na jambo huku kwetu pwani. Tarehe 5 Juni 1873, wakati vijana wa Fisk wakiwa Uingereza, Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa, baada ya kushurutishwa na Waingereza. Mjumbe wao katika mazungumzo hayo alikuwa Sir Bartle Frere. Miaka miwili baadaye wamisionari wa CMS walianzisha makao ya watumwa waliookolewa karibu na Mombasa, wakayaita Frere Town, na kengele iliyopigwa pale kutahadharisha watu ndiyo iliyopatia mahali jina la Kengeleni. Kila apandaye matatu ya Kisauni analitaja jina hilo. Mwaka 1903 palianzishwa hapo shule ya kufundisha wahudumu wa kanisa, ambayo ilihamia Limuru mwaka 1930 na siku hizi ni Chuo Kikuu cha St. Paul's. Chuo hicho, kama Fisk, kilipandwa kati ya watu waliotoka utumwani.

Turudi kwa kwaya. Pesa za Uingereza zilikaribia dola 50,000, nazo zilijenga bweni kubwa la ghorofa sita liitwalo Jubilee Hall, lililowekwa wakfu tarehe 1 Januari 1876. Tarehe hiyo ni ile ile ambayo tangazo la Lincoln lilianza kazi mwaka 1863. Jengo lingalipo na wanafunzi hulala humo. Hadi kundi la chuo lilipovunjika mwaka 1878 huko Ujerumani, nyimbo zile zilikuwa zimeleta dola 150,000.

Hesabu hiyo ndiyo husimuliwa sana. Tungependa washarika wajue na hesabu nyingine. Mke wa White alifia Scotland mwaka 1874 akiwa kwenye ziara, na White mwenyewe alitapika damu kutokana na ugonjwa wa mapafu. Benjamin Holmes alikufa kwa kifua kikuu akiwa kijana. Ella Sheppard aliugua mara kwa mara na bado akapanda jukwaani, maana ndiye aliyepiga piano na kufundisha sauti, ingawa mabango hayakumtaja kama mwalimu. Waliimba karibu kila siku kwa miaka, na mara nyingine waliomba mapumziko wakanyimwa. Na kuna hili: katika wale tisa waliopanda treni mwaka 1871 kuokoa chuo chao, hakuna hata mmoja aliyehitimu pale. Darasa la kwanza la wahitimu wa Fisk, mwaka 1875, lilikuwa na watu wanne. Mmoja wao, America Robinson, alikuwa amejiunga na kwaya baadaye, na siku ya mahafali alikuwa ng'ambo akiimba.

Tulijadili sana jambo hili kabla ya kuliandika. Wengine wetu walisema liachwe, kijitabu cha sherehe si mahali pake. Lakini kwenye kwaya yetu wapo waliokosa mitihani, waliopoteza kazi ya vibarua Jumamosi baada ya Jumamosi, na waliochangia harambee ya mabati ya kanisa kwa kuuza kaseti stendi ya basi huku watoto wao wakidaiwa karo. Majina yao yako kwenye orodha ya ukurasa wa mwisho, herufi ndogo, bila maelezo. Tuliona hawa wa Fisk watatusaidia kusema tuliloshindwa kulisema kwa ajili ya watu wetu.

Ella Sheppard aliolewa na mchungaji, akarudi Nashville, akawa mwalimu na msemaji wa wanawake hadi alipofariki mwaka 1914. Vita vilipoisha alimtafuta mama yake Mississippi, akampata, na baadaye akamleta kuishi naye karibu na chuo. Kila mwaka tarehe 6 Oktoba, chuo cha Fisk huadhimisha Siku ya Jubilii, na kwaya ya wanafunzi huenda makaburini kuwaimbia waliowatangulia.

Leo alasiri, kabla ya wimbo wa nne, tutamwomba mpiga kinanda apumzike na mafundi wa vipaza sauti wazime mitambo. Tutaimba kwa chini. Walioketi nyuma, karibu na mlango na kwenye hema la nje, tunawaomba msogee mbele, na watoto wanaonunua aiskrimu wangoje kidogo. Baada ya wimbo huo tutasoma majina ya ukurasa wa mwisho, yote 63, kisha kayamba zitaingia.